Mguu wa Tatu wa Koko

Pale Nyabiondo aliyemwita Théogène kwa jina lake la ubatizo alikuwa padri peke yake, na hata padri alisahau siku zisizo za misa. Wengine wote walimwita Juu-ya-Nini. Jina hilo alilipata mwaka wa kwanza wa ndoa, siku alipomwuliza mama mkwe wake, mbele ya wageni, juu ya nini, yaani kwa nini, anakoroga uji kwa mkono wa kushoto. Mama mkwe haulizwi maswali ya namna ile, tusidanganyane. Mkewe Mukashema alisema aibu ilimkaa mwilini wiki nzima, akampachika jina, na jina likakubali.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili ambao vijana wa Masisi huupakia magunia ya makaa, wakaupanda na kuteremka nao mlima, na Mungu akipenda wanafika chini na meno yao yote. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, viganja vigumu, na nivo moja ya chuma aliyoinunua Goma: ile pimamaji ya waashi yenye kioo kidogo cha maji, na ndani yake kitone cha hewa kinachokaa katikati pale kitu kinapokuwa sawa. Nivo ile ililala karibu na mto wake. Mukashema alizoea kusema kwamba nyumba ikiungua mume wake ataokoa nivo kwanza, halafu ndipo akumbuke kuwa alikuwa na mke.

Sasa sikiliza mambo yalivyoanza. Ulikuwa mwaka wa vita. Vita gani, usiniulize, maana Masisi imeona nyingi. Yalikuwa pia majira ya kung'oa maharagi. Jumatatu asubuhi, mvua imekatika punde, lori la jeshi likapanda kilima kwa kunguruma, likivuta kitu. Watu wakaingiza watoto na mbuzi ndani, wakafunga milango. Juu-ya-Nini akatoka.

Kitu kile kilikuwa mzinga wa vita. Aliuzunguka mara mbili, mikono mgongoni, kama mtu anayechagua ng'ombe. Bomba lake lilikuwa refu kuliko nyumba ya jirani, lakini si bomba lililomshangaza. Kilichomshangaza ni kwamba mzinga ulifungwa kwenye lori kwa mdomo. Mdomo ndio uliovutwa mbele, na kitako kikafuata nyuma.

"Papa, unatafuta nini hapa?" Sauti ilitoka juu ya lori. Alikuwa ajida mmoja mnene, mkuu wa wapiga mzinga, jina lake Émile.

"Naangalia tu, Chef. Juu ya nini munaivuta kwa mudomo? Ng'ombe tunamuswaga kwa nyuma."

Wenzake Émile walikunja nyuso, lakini yeye aliangua kicheko. Alikuwa mzaliwa wa Walikale, mtoto wa msituni, na tangu atoke kwao hakuna raia aliyewahi kumwuliza kitu zaidi ya kumwomba asimpige. Akashuka.

"Koko iko na miguu tatu," alisema. Koko kwa Kilingala ni babu au nyanya, na ndivyo askari walivyouita mzinga wao, maana ulikuwa mkongwe kuwapita wote. "Ona, miguu tumeikunja mbele, chini ya bomba. Sasa utaifunga ku lori wapi? Inabaki mudomo tu."

"Eeeh! Na hizi magurudumu?"

"Ngoja utaona, Papa. Weye unauliza sana."

"Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, Chef," Juu-ya-Nini akajibu, na akaona moyo wake umechangamka kama siku ya sikukuu.

Kapiteni wao alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani na karatasi nyingi, asiyependa maneno. Alitaka mahali tambarare pa kuusimamisha mzinga kabla ya jioni. Nyabiondo na tambarare wapi na wapi! Kule hata kuku wanakula wameegemea. Basi akamwita Kanyamibwa, mkuu wa kijiji, na Kanyamibwa akaitisha salongo, kazi ya wote, kila nyumba mtu mmoja na jembe lake. Na kwa kuwa nusu ya viwanja vya nyumba pale mlimani vilipimwa kwa nivo ya Juu-ya-Nini, yeye akawekwa kuwa msimamizi.

Wakachimba kama wanavyochimba siku zote, kama baba zao walivyochimba. Unakata mlima upande wa juu, udongo unaoukata unaumwaga upande wa chini, unaukanyaga kwa miguu, na hapo palipokuwa mteremko panakuwa sebule. Watu arobaini hawakuchukua muda. Saa nane kiwanja kilikuwa tayari, laini, kimenyooka, na Juu-ya-Nini akakipima pembe zote, kitone cha hewa kikakaa katikati bila kutetereka.

"Ayi! Mahali kama hapa mutu angejenga nyumba kesho," Kanyamibwa alisema, akijifuta jasho.

"Angengoja mvua ipite kwanza," mtu mmoja akadakia, na wote wakacheka, wakachukua majembe yao wakaenda nyumbani. Ule haukuwa mzaha mkubwa, ni jambo linalojulikana tu.

Juu-ya-Nini yeye hakuenda. Alibaki kuutazama mzinga ukifunguliwa, na nakwambia, macho yake hayakupepesa. Askari wakakunjua miguu mitatu, mmoja huku, mwingine kule, wa tatu upande wa bondeni. Kisha wakazungusha mkono wa chuma, na magurudumu yakainuka kutoka chini, yakabaki yananing'inia hewani. Mtu aliyetengeneza magurudumu miaka thelathini alikuwa hajawahi kuona gurudumu likipewa likizo.

"Juu ya nini magurudumu yanapanda?"

"Ili Koko igeuke," Émile akasema, akalisukuma bomba kwa bega, nalo likazunguka taratibu, likatazama Goma, likatazama Walikale, likarudi. "Umeona? Inapiga pande zote. Ingebaki ku magurudumu, ingeruka kama mbuzi."

Hapo, msomaji wangu, palikuwa na swali. Ingeruka juu ya nini? Swali lilikuwa limelala pale chini mbele yake kama sarafu, na mtu aliyeuliza mpaka uji wa mama mkwe akaliruka, kwa sababu macho yake yalikuwa yamenasa kwenye magurudumu.

Alikimbia nyumbani akachukua jibini moja ya duara, ile fromaji ya Masisi ambayo Mukashema alikuwa ameitunza, akampelekea Émile kama asante. Na Émile, akitafuna, akamfungulia moyo. Alimnong'oneza kwamba kioo chao wenyewe cha kupimia usawa kilipasuka njiani, kwa mashimo ya barabara, na Kapiteni hajui. Akijua, atamla mtu mzima mzima. Juu-ya-Nini akatoa nivo yake bila kuambiwa mara mbili. Wakailaza juu ya kitako cha mzinga. Kitone kikakaa katikati, na Émile akashusha pumzi.

"Na sasa niambie, Chef. Adui hamumuoni. Munamupiga namna gani?"

Émile akachukua kijiti, akachora ardhini. Hapa Nyabiondo. Hapa, mbali, mlima Karuli, waasi walipokaa. Juu ya kilima kingine kuna askari mwenye darubini na redio, yeye ndiye macho. Koko inatema risasi, lile kombora lake, juu, juu, juu kabisa, inapinda, inaangukia Karuli.

"Na hapa katikati?" Juu-ya-Nini akaweka kidole katikati ya mchoro. Alikiweka kwa makusudi.

"Hapo? Kaselu. Hapo hapana muntu, wote walikimbia. Na hata wangekuwako, inawapita juu tu."

Juu-ya-Nini akakiondoa kidole. Kaselu ndiko alikoolewa binti yake wa kwanza, Uwitonze. Kweli watu wa Kaselu walikuwa wamekimbia tangu wiki tatu, na Uwitonze alikuwa analala kwa wazazi wake. Lakini maharagi hayakukimbia. Maharagi yalikuwa yamekauka shambani, yanangoja mkono, na mvua ikiyakuta pale yangeota ndani ya maganda yake, na familia zingekula nini? Kwa hiyo kila alfajiri wanawake wa Kaselu walirudi mashambani kwao kwa siri, na Mukashema akaenda kumsaidia binti yake. Walipita njia ya nyuma, katikati ya mikaratusi, maana kwenye bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, askari walikuwa wanachota maharagi ya watu kama ya shamba la baba zao. Ndiyo maana Juu-ya-Nini hakusema kitu kwa Émile. Rafiki ni rafiki, lakini askari ni askari.

Jioni ile, wakila, aliwaeleza mke na binti habari zote. Aliweka mwiko hapa, kikombe pale, akarusha punje ya harage ikapita juu ya kikombe ikaangukia sahani. Alikuwa anang'aa. Mukashema alimtazama kwanza kwa hasira ya ile jibini, kisha kwa wasiwasi.

"Basi kesho twende ao tusiende?" akauliza.

"Muende. Inapita juu. Nimeuliza yote."

"Umeuliza yote?"

"Kabisa! Itapita juu yenu kama ndege. Mutaisikia tu."

Mukashema akakunja mkeka wake. Alikuwa amemcheka mume huyu miaka ishirini na tisa kwa maswali yake, lakini majibu yake aliyaamini, maana hayakuwahi kumwangusha. Alfajiri yeye na Uwitonze wakaondoka na kamba zao za kufungia maharagi.

Saa tatu asubuhi Juu-ya-Nini alikuwa kando ya mzinga, na jembe begani. Kapiteni aliagiza msimamizi wa salongo abaki karibu, mvua ikija achimbe mfereji. Hakuna amri ya jeshi iliyowahi kumfurahisha mtu kiasi kile. Alikuwa amejaza majani masikioni, na nivo yake iko ndani ya koti. Na kwa kuwa hakuweza kukaa bure, alihesabu vitu. Miguu mitatu. Askari saba. Kwenye kisigino cha mguu wa tatu, ule wa bondeni, misumari minne mikubwa ya vichwa vya duara, yote juu ya udongo.

Kapiteni akasoma karatasi, Émile akazungusha magurudumu madogo ya kulengea, mtu akavuta kamba.

Mungu wangu! Juu-ya-Nini alikuwa amejiandaa kwa sauti, hakujiandaa kwa ardhi. Ardhi ilimpiga nyayo. Kitako cha mzinga kiligonga chini, miguu yote mitatu ikajikaza, vumbi likaruka kiunoni. Hata hivyo aliendelea kuhesabu, maana alitaka kujua safari ya risasi ni ndefu kiasi gani. Moja, mbili, tatu... Alipofika hamsini na tisa, mlio mdogo, butu, ukarudi kutoka mbali.

Redio ikakoroma. Yule mwenye darubini alisema ni vizuri, fupi kidogo tu. Kapiteni akaongeza kitu kwenye karatasi.

Juu-ya-Nini alikuwa anatabasamu peke yake. Risasi ilikuwa imepita juu, kama alivyosema. Akarudia kuhesabu vitu vyake. Miguu mitatu. Askari saba. Misumari mitatu.

Akahesabu tena. Mitatu.

Wakapiga ya pili. Ardhi ikampiga nyayo tena, na safari hii hakutazama angani, alitazama kisigino, huku midomo ikihesabu. Aliona kwa macho yake mguu wa tatu ukishuka ndani ya udongo taratibu, na bomba likiinama nao, kama mtu anayekaa kwenye kiti kibovu. Na alipofika arobaini na moja, mlio ukaja. Haukuwa mdogo.

Askari wengine walikuwa bado wanangoja redio. Yeye hakuhitaji redio. Arobaini na moja siyo hamsini na tisa. Risasi haikufika Karuli, ilikuwa imechoka njiani, na njiani palikuwa Kaselu.

"Fupi sana," redio ikasema. "Fupi sana, na kushoto. Imeangukia mashamba ya Kaselu."

"Baruti imenyonya maji," Kapiteni akasema bila kuinua macho. "Kaselu iko vide. Hapana mutu kule. Ongeza, tupige ya tatu."

Juu-ya-Nini aliutazama tena ule mguu wa bondeni. Sasa alielewa yote kwa mpigo mmoja, na kuelewa kule kulikuwa kuchungu kuliko ujinga. Kiwanja kile walikichimba kama cha nyumba. Upande wa juu ni mlima wenyewe, mgumu. Upande wa chini ni udongo wa kumwaga, na kila mtoto wa Nyabiondo anajua kwamba juu ya udongo wa kumwaga huweki ukuta mpaka masika nzima iushindilie. Nyumba wangeiweka juu, na upande wa chini wangefunga mbuzi. Lakini huu haukuwa nyumba, ulikuwa mzinga, na mzinga ulionekana kama gari, na gari unaliegesha popote. Hakuna aliyemwambia kwamba kitu kinachotema mbele kinapiga chini. Au tuseme kweli: hakuuliza.

Akahesabu hatari yake. Akisema kwamba mguu umezama, watauliza nani alichimba. Mwezi uliopita mtu mmoja wa kijiji cha jirani alidhaniwa tu kuwa amewasaidia waasi. Alichukuliwa saa nne asubuhi, na watu wake hawajaonyeshwa hata kofia yake. Alikuwa na hofu, sitaficha. Lakini akakumbuka punje ya harage ikipita juu ya kikombe, na sauti yake mwenyewe ikisema, "Muende." Askari wawili walikuwa wamebeba risasi ya tatu mikononi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Kapiteni, simamisha!" alipiga kelele. "Simamisha! Mimi njo nilichimba mubaya!"

Akasogea mpaka kwenye mzinga, akatoa nivo, akailaza juu ya kitako, mahali pale pale pa jana. Kitone cha hewa kikakimbia mpaka mwisho wa kioo, kikakwama pale.

Kapiteni alitazama nivo, akamtazama mtu. Mkono wake ulikuwa kwenye bastola.

"Nani alikutuma?"

"Hapana muntu. Njo tunachimba vile. Tunakata juu, tunamwaga chini. Mambo ya nyumba nilijua, Kapiteni. Ya mzinga sikujua. Mutu wa tatu... mguu wa tatu uko ku udongo wa kumwaga, kila risasi unazama." Ulimi ulikuwa unamteleza. "Na Kaselu iko na wanawake. Muke wangu iko kule. Mutoto wangu iko kule. Wanang'oa maharagi."

"Kaselu iko vide. Iko kwenye karatasi."

"Karatasi haing'oi maharagi, Kapiteni!"

Askari wote wakamtazama Kapiteni. Émile alikuwa amesimama, jasho linamchuruzika. Angeweza kunyamaza, na nadhani wengi wetu tungenyamaza. Akakohoa.

"Mon capitaine, anasema kweli. Kioo chetu kilipasuka ku njia. Jana tulipimisha kwa hii nivo yake. Leo sikupima tena."

Kapiteni alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Risasi ya tatu ikarudishwa sandukuni. Émile akapokea maneno ambayo sitayarudia, kwa heshima yenu. Juu-ya-Nini akafungwa kwenye mkaratusi, mikono nyuma, kamba ya katani.

"Sikiliza, muzee," Kapiteni alimwambia. "Kama wanawake wako kule, jioni watarudi, nitawaona kwa macho yangu. Kama sikuona mwanamuke, nitajua ulitumwa kuzuia mzinga wangu. Unasikia?"

Alisikia sana. Alijua pia kile ambacho Kapiteni hakukijua: wanawake wa Kaselu hawapiti barabarani. Hata wakiwa hai wote, watapita nyuma, kwenye mikaratusi, na Kapiteni hataona hata kanga moja. Angeweza kuitaja njia ile. Neno moja tu. Lakini akiitaja, kesho bariyeri itahamia kule, na maharagi yote ya Kaselu yatapita mikononi mwa askari. Akauma meno, akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kunyamaza kwa saa nane.

Na katika saa zile nane, usishangae, macho yake yaliendelea kufanya kazi. Waliushusha mzinga kwenye magurudumu, wakaukunja miguu, wakaukokota kwa kamba hadi upande wa juu wa kiwanja. Aliona wanavyokosea kukokota, akaona gurudumu la kushoto linayumba kwa sababu ya boliti, akataka kusema. Kisha aliikumbuka ile arobaini na moja, na hamu yote ikamtoka. Alimwomba Mungu, akamwomba na mama mkwe wake aliyekwisha kufa, akimwambia amsamehe ile habari ya uji. Mchana Émile alimnywesha maji bila kusema kitu.

Ilikuwa yapata saa kumi na moja, jua limeegemea upande wa Walikale, askari wa bariyeri akapiga filimbi. Barabarani kulikuwa na wanawake.

Walikuja kwa mstari, wazi kabisa, kila mmoja na mzigo wa maharagi kichwani, wenye majani na mizizi yake. Kanyamibwa, mkuu wa kijiji, alikuwa amejificha mchana kutwa, na kusema kweli hatukumtegemea. Lakini mwishowe alikwenda kuwangojea kwenye mdomo wa njia ya nyuma, akawaambia kwamba Juu-ya-Nini amefungwa kwa ajili yao, na kwamba Kapiteni anataka kuwaona kwa macho. Nao wakaacha mikaratusi, wakageukia barabara. Kapiteni alikuwa anatazama toka juu, basi askari wa bariyeri hawakuchota hata ganda. Wanawake wakapita, wakapanda mpaka kwenye mzinga.

Kapiteni aliwahesabu kwa kidole. Kumi na saba.

"Mulikuwa Kaselu?"

"Tulikuwa Kaselu," akajibu Mukashema, aliyekuwa wa kwanza. Nguo zake zilikuwa nyekundu kwa udongo toka kichwani hadi miguuni. "Kitu chenu kiliangukia mahali tulimaliza kung'oa. Tungekawia kidogo, ungehesabu nini?"

Kapiteni akafungua karatasi zake, akatafuta mahali, akapiga mstari juu ya neno moja, lile la vide. Akauliza maharagi yamebaki ya siku ngapi. Wakamwambia mbili. Akaandika na hilo, hakuahidi kitu. Kisha akamwashiria Émile kwa kichwa, na Émile akaikata kamba.

Juu-ya-Nini alisimama akijisugua mikono. Binti yake alikuwa pale, nyuma ya mama yake, mzima, mzigo kichwani, anatazama mzinga.

"Uwitonze!" akaita.

Hakugeuka.

"Uwitonze, mwanangu!"

"Hasikii," Mukashema akasema. "Yeye njo alikuwa karibu. Tangu saa tatu hasikii."

Akautua mzigo wake chini. Akamsogelea mume wake mpaka akamwona kila kope. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Juu ya nini?" akamwuliza. Miaka ishirini na tisa lilikuwa neno la mumewe, siku ile likawa lake. "Juu ya nini uliniambia inapita juu?"

Juu-ya-Nini alitazama udongo uliokuwa kwenye nguo zake.

"Sikuuliza," akasema. "Niliuliza risasi inaenda wapi. Yenyewe inasukuma wapi, hicho sikuuliza. Na kiwanja nilichimba mimi."

Mukashema akalirudia jibu lile, neno kwa neno. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. Ndipo Uwitonze alipogeuka, akaona midomo yao inatembea, akaona alama za kamba kwenye mikono ya baba yake. Akauliza kwa sauti kubwa, sauti ya mtu asiyesikia anachosema, mpaka askari wote wakageuza vichwa:

"Papa! Juu ya nini walikufunga?"

Juu-ya-Nini alijua kwamba sauti yake haitamfikia. Kisha akaokota kijiti, kile kile cha Émile, akapiga magoti mbele ya binti yake, akafuta udongo kwa kiganja mpaka ukawa laini, akaanza kumchorea tangu mwanzo.